Mteja akisema "mashine inakata gemu": mambo ya kumuuliza kabla hujarudisha hela

Somo la leo ni kwa sisi tunaouza kompyuta za gemu mtandaoni, ziwe za mtumba kutoka Uingereza na Dubai, ziwe za kuunga wenyewe kipande kwa kipande. Hata kama unauza kadi za grafiki tupu au RAM tu, soma, maana malalamiko yanayokuja ni yale yale.

Meseji yenyewe mnaijua. Inaingia saa tatu, saa nne usiku, mteja katoka kwenye mihangaiko yake kakaa acheze: "Boss ile mashine inakata gemu. Naomba hela yangu." Wengi wetu hapo tunafanya moja kati ya mawili. Anayeogopea jina lake anakubali palepale, mashine inarudi kwa basi, anaiwasha, inacheza saa tatu mfululizo bila tatizo. Anayeogopea hela yake anam-block mteja, na wiki haiishi jina la ukurasa wake liko kwenye magrupu ya kutahadharishana matapeli.

Piga hesabu. Desktopu ninayouza 780,000, faida yangu siku nzuri ni laki moja, siku nyingine 80,000. Ikirudi kutoka mkoani, toa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, toa bodaboda wa kwenda stendi mara mbili, toa siku ambazo ingekuwa imeshauzwa. Halafu mzigo ulioruka kwenye basi mara mbili unaweza kufika na tatizo ambalo haukuwa nalo. Kurudisha mashine nzima bila sababu kunakula faida yote ya hiyo mashine, na pengine na ya mwenzake. Kwa hiyo nusu saa ya kuulizana maswali WhatsApp ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Na mara nyingi mteja anachotaka si hela, anataka acheze.

Cha kwanza kabisa: neno "inakata" halina maana moja. Mteja mmoja akisema inakata anamaanisha gemu inajifunga na kumrudisha desktopu. Mwingine anamaanisha skrini inakuwa nyeusi huku sauti inaendelea. Mwingine, kompyuta nzima imezima kama umevuta waya ukutani. Mwingine amepata ile skrini ya bluu. Na wapo ambao kumbe ni intaneti tu, gemu inaganda na wachezaji wenzake wanakimbilia ukutani, hapo kompyuta haina kosa lolote. Kila kifo kina chanzo chake, na fundi anayeanza kubadilisha draiva kabla hajajua ni kifo cha aina gani anabahatisha.

Mimi meseji ninayotuma ni hii, muichukue kama ilivyo: "Pole sana kaka (au dada). Tutalimaliza hili. Naomba unisaidie majibu: 1) Inapokata, kompyuta inabaki inawaka au inazima yote? 2) Sauti inaendelea au inakufa hapo hapo? 3) Ni gemu moja au zote? 4) Inachukua dakika ngapi? 5) Mchana na usiku ni sawa? 6) Ukiweza nirekodie kwa simu dakika ya mwisho kabla haijakata, na feni zisikike." Haya maswali sita yanatosha kukupa picha. Usimrundikie mteja maelezo ya kitaalamu usiku huo. Na usiandike "sisi hatujawahi kupata hilo tatizo", hata kama ni kweli. Anasikia unamwambia mwongo.

Tuanze na kile ninachokutana nacho zaidi, kompyuta nzima kuzima au kujiwasha upya yenyewe katikati ya gemu. Hapo gemu yenyewe iko mbali sana kwenye orodha ya washukiwa. Ni umeme, ni pawa saplai, au ni joto.

Nilikuwa na mteja mwanafunzi Morogoro, alinunua taua ya ofisi niliyoiwekea GTX 1650. Jibu lake la swali la tano ndilo lililofungua kila kitu: mchana anacheza GTA V mpaka anachoka, kuanzia saa moja jioni haimalizi dakika ishirini. Kompyuta haijui saa. Kinachobadilika jioni ni mtaa: watu wamerudi, pasi, majiko, friji, taa, umeme unashuka nguvu. Nikamuuliza ekstensheni ina nini kingine, akasema friji ndogo, tivii na feni. Friji kila kompresa inapowaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Nikamwambia ahamishe mashine kwa rafiki yake mtaa mwingine, acheze usiku huo huo. Saa tatu, haikuzima. Akatafuta stabilaiza, akaipa kompyuta soketi yake peke yake, na mpaka leo ananiletea wateja.

Kwa nini gemu na siyo Word? Kwa sababu ukiandika barua mashine inavuta wati chache sana. Ukifungua gemu, prosesa na kadi vinafanya kazi kwa pamoja, mahitaji yanaruka. Pawa saplai nzima inatakiwa ishikilie mashine hai hata umeme ukipotea kwa kitambo kifupi sana, mwongozo wa ATX unazungumzia milisekunde 16 hivi. Pawa saplai ya ofisini iliyofanya kazi miaka minane, kapasita zake zimechoka, hiyo akiba haina tena. Mtikisiko mdogo tu wa umeme ambao taa ya ndani haiwezi hata kuuonyesha, yenyewe inazima.

Mteja akikwambia ana UPS, muulize wati, siyo VA. UPS ndogo za VA 650 hazina wati 650, nyingi zinaishia 360 hivi, na betri ikishazeeka hata hizo hazifiki.

Sasa hapa niwaseme kidogo wauzaji. Hizi taua na desktopu nyembamba za Dell OptiPlex na HP EliteDesk ndizo zinatulisha wengi, lakini zimetengenezwa kwa kazi za ofisi. Pawa saplai zake nyingi ziko kati ya wati 180 na 260, soma stika iliyobandikwa ubavuni. GTX 1650 imepangiwa wati 75, na wati 75 ndizo soketi ya kadi kwenye bodi inaweza kutoa, kwa hiyo zile 1650 zisizo na plagi ya ziada zinakaa vizuri humo. Lakini RX 580 ni wati 185. GTX 1060 ni 120. Unamkuta muuzaji kapachika RX 580 ndani ya mashine ya wati 240, na kwa kuwa pawa saplai ile haina waya wa pini 8, kanunua adapta ya shilingi elfu chache inayochukua umeme kwenye waya wa SATA. Jamani. Plagi ya SATA kwenye waya wa volti 12 inabeba ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 8 imepangiwa wati 150. Adapta hiyo inayeyuka. Bahati nzuri ikiwepo, mashine inazima kila gemu inapopamba moto. Bahati mbaya ikiwepo, chumba cha mteja kinanuka plastiki iliyoungua, na jina kwenye risiti ni lako. Hapo usimuulize mteja maswali sita, mwambie azime, achomoe waya ukutani, na wewe ugharamie.

Ukitaka kubadilisha pawa saplai ya hizo mashine kumbuka pia kwamba plagi yake kubwa mara nyingi si ile ya kawaida ya pini 24. Dell na HP wana zao. Adapta zake zipo, ila angalia zinalingana na modeli kabla hujaahidi.

Joto. Hili la pwani tunalijua. Dar, Tanga, Mombasa, chumba chenyewe nyuzi 32, feni ya ndani inapuliza hewa ambayo tayari ni moto. Prosesa nyingi za Intel za desktopu zina ukomo wa nyuzi 100 hivi. Zikikaribia zinapunguza kasi zenyewe, mteja ataona gemu imekuwa nzito ghafla, na zikishindwa kabisa zinazima ili zisiungue. Kwa hiyo ishara ya joto ni hii: inakuwa nzito kwanza ndipo inakufa, na ukiiwasha hapo hapo inakufa mapema zaidi. Ya umeme haina dalili, inakatika tu. Mwambie mteja apakue HWiNFO, ni ya bure, aiache wazi nyuma ya gemu, kisha akupigie picha safu ya kiwango cha juu cha joto. Prosesa ikifika 95 na kuendelea, ulizia mashine imekaa wapi. Utashangaa. Wengine wameifungia ndani ya kabati la tivii na mlango ukafungwa. Ikiwa iko mahali pa wazi na bado inachemka, vumbi au pesti imekauka. Pesti ya miaka minane inakuwa kama chokaa. Bomba moja la pesti linatosha mashine kadhaa, na kuipaka upya kabla ya kuuza ni kazi ya dakika kumi na tano. Mimi siuzi mtumba wowote bila kuifanya.

Kuna sehemu Windows yenyewe inaandika nini kilitokea, na wateja wengi hawaijui. Mwambie abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike perfmon /rel, abonyeze Enter. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu siku za matatizo. Apige picha. Ukikuta imeandikwa kwamba Windows haikuzimwa sawasawa, na kwenye Event Viewer kuna Kernel-Power namba 41, hiyo maana yake ni kwamba mashine ilipotea bila kuaga. Ndani ya maelezo yake kuna BugcheckCode. Ikiwa ni 0 na mteja hakushikilia kitufe cha kuzimia, basi rudi kwenye umeme na pawa saplai. Namba 41 peke yake haikwambii chanzo, inakwambia tu palikatika. Nimeona fundi anamwambia mteja "tatizo lako ni Kernel-Power 41" kama vile ni jina la ugonjwa, akamchaji na hela.

Sasa aina ya pili: skrini nyeusi au inaganda, sauti inaendelea sekunde kadhaa, halafu ama inarudi ama gemu inajifunga. Hapo angalia kadi na draiva yake. Windows ina kipimo chake: kadi isipojibu kwa sekunde 2, inaihesabu imekwama na kuiwasha upya draiva. Mteja anaona skrini imepotea ikarudi. Kwenye Event Viewer utakuta namba 4101 inayosema draiva ya skrini iliacha kujibu kisha ikarudi. Na kwenye ile kalenda ya perfmon unaweza kukuta LiveKernelEvent 141, hiyo nayo ni kadi kukwama.

Hatua ya kwanza ni ya bure: kusafisha draiva. Si kuweka mpya juu ya ya zamani, bali kuitoa yote kwa programu ya DDU ukiwa kwenye Safe Mode, kisha kuweka mpya kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD yenyewe. Mashine za mtumba hili ni muhimu sana, maana ilikuja na draiva ya kadi ya ofisini, sisi tukachomoa tukaweka kadi nyingine, na mabaki yanagombana. Angalia pia umri wa kadi. GTX 660, 760, 780 na ndugu zao wengi wa kizazi cha Kepler, NVIDIA iliacha kuwatolea draiva mpya za gemu tangu 2021. Kadi nzima, lakini gemu mpya ikiikuta inaanguka au haifunguki. Hiyo si mbovu, ni imestaafu, na ilitakiwa isemwe kwenye tangazo.

Kama draiva ni safi na bado, mtake mteja ashushe kasi ya kadi kidogo kwa MSI Afterburner, apunguze memori na kiini kwa megahezi 100 hivi, acheze. Ikitulia, kadi imechoka au imeharakishwa kupita uwezo wake. Na hapa ndipo habari ya kadi za migodini inapoingia. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi kibao zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni, hasa RX 470, 570 na 580. Si zote mbaya, mimi nimeuza nyingi na zinapiga kazi. Lakini nyingi zilibadilishwa BIOS ili memori ikimbie kwa namna ya kuchimba. Kuchimba inaweza, gemu inaangukia pua: rangi za ajabu ajabu, mistari, skrini nyeusi. Baadhi ya hizo kadi zina swichi ndogo juu ubavuni, ina BIOS mbili, sogeza upande wa pili na jaribu tena. Kama haina swichi, fundi anayejua anaweza kurudisha BIOS ya kiwandani. Nasema anayejua. Kadi ikikatikiwa umeme katikati ya kuandika BIOS inaweza isiwake tena.

Mbaya zaidi ni kadi za bandia. Zinauzwa mtandaoni kwa bei tamu, stika inasema GTX 1050 Ti ya GB 4, ndani ni GTS 450 au GTX 550 Ti ya zamani iliyoandikwa jina jipya. Windows inasoma jina la uongo, mteja anafurahi, gemu ikitaka memori inayozidi ile ya kweli, chali. Pakua GPU-Z. Tangu 2018 programu hii inazitambua na kuandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Fanya hivyo siku unapopokea mzigo kutoka kwa msambazaji, ukiwa bado una nafasi ya kumrudishia, siyo siku mteja anapolalamika. Picha ya GPU-Z naiweka kwenye kila tangazo la kadi. Wateja wanaojua wanaipenda, na matapeli wanaacha kuniulizia bei.

Gemu kujifunga yenyewe na kukurudisha desktopu, kompyuta ikabaki inawaka vizuri, ni nyepesi zaidi na nyingi zinamalizika kwa simu. Swali la tatu linakuongoza. Ni gemu moja tu? Basi ni hiyo gemu. Kwenye Steam abonyeze kulia jina la gemu, aingie Properties, kisha Installed Files, achague kuthibitisha faili. Faili moja lililoharibika likipakuliwa upya yamekwisha. Azime vitu vinavyojibandika juu ya gemu, Discord na wenzake. Aangalie antivirasi haijaficha faili. Na kwa upole kabisa muulize gemu kaitoa wapi, maana ile ya kukopiana kwa flashi, iliyovunjwa ufunguo, inaweza kukata hata kwenye mashine ya milioni tano. Mimi siuzi kompyuta ikiwa na gemu za namna hiyo ndani hata mteja akiomba. Mbali ya kwamba si halali, unajifunga kuwa fundi wa kitu ambacho hata aliyekitengeneza hakitambui.

Ni gemu zote? RAM. GTA V tu inapendekezewa GB 8, na hiyo ni gemu iliyofika kwenye kompyuta 2015. Mteja mwenye GB 8 akifungua na Chrome yenye kurasa thelathini, zimeisha. Angalia pia kama kuna mjanja alimwambia azime ile memori ya akiba ya Windows kwenye diski "ili mashine iwe nyepesi". Airudishe ijipange yenyewe, na diski iwe na nafasi. Kuna dalili nyingine ya RAM mbovu naipenda kwa sababu haidanganyi sana: kwenye Event Viewer, namba 1000, angalia jina la kipande kilichoanguka. Kila mara ni kile kile? Ni programu. Leo hiki, kesho kile, keshokutwa kingine kabisa? Shuku RAM. Atoe kipande kimoja, acheze na kimoja kimoja. Afute meno ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, arudishe mpaka isikike kubana. Usiku akilala aache MemTest86 ifanye kazi kutoka kwenye flashi. Kosa moja tu jekundu linatosha, hiyo RAM ibadilishwe.

Gemu isiyofunguka kabisa, inaanguka sekunde ile ile ya kwanza kila mara, kwenye mashine za zamani inaweza kuwa prosesa. Kuna gemu mpya zinadai lugha ya AVX2, na Intel waliiingiza kwenye Core za kizazi cha nne, 2013. Core i5 ya kizazi cha pili na cha tatu haina. Hapo hakuna draiva wala apdeti itakayosaidia.

Skrini ya bluu sitaikalisha sana: apige picha ya maneno ya chini. MEMORY_MANAGEMENT, rudi kwenye RAM. VIDEO_TDR_FAILURE, rudi kwenye kadi. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni chuma chenyewe kinalalamika, mara nyingi prosesa au umeme wake, na kama kuna mtu aliongeza kasi kwenye BIOS airudishe ya kiwandani kwanza.

Ila ujumbe wa kosa usiuamini moja kwa moja. Mfano ulio wazi kwa kila mtu ni wa Intel za kizazi cha 13 na 14. Watu walikuwa wanaona gemu za Unreal Engine zinaanguka zikisema memori ya video imeisha, wakabadilisha kadi, wakabadilisha tena, wakati mhusika ni prosesa. Mwaka 2024 Intel wenyewe walitangaza kwamba volti ilikuwa inapanda kupita kiasi, Agosti wakatoa marekebisho yanayoitwa 0x129 yanayowekwa kupitia apdeti ya BIOS, na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi kwa apdeti. Kwa hiyo unayeunga mashine mpya zenye i7 na i9 za vizazi hivyo, weka BIOS mpya kabla hujapakia kwenye boksi, na ukinunua prosesa iliyotumika uipime kwa muda mrefu.

Kupima kwenyewe. Mashine haitoki kwangu bila saa mbili za gemu halisi. Natumia Counter-Strike 2 na Dota 2 kwa sababu zote ni za bure na mteja anaweza kurudia jaribio lile lile kwake. Saa moja naifanya jioni makusudi, umeme ukiwa wa hovyo. Narekodi video fupi: gemu, joto la HWiNFO, namba ya siri ya mashine, vyote kwenye skrini moja. Video namtumia mteja kabla ya kulipa. Wakati wa lalamiko hiyo video ni ushahidi wa pande zote mbili, kwake na kwangu. Skrubu naweka stika ndogo yenye tarehe, maana kuna mteja anayechomoa RAM yako nzima anaweka yake mbovu.

Waranti iandike kwa maneno ya mtu wa kawaida. Steam wanarudisha hela ya gemu ndani ya siku 14 kama umecheza chini ya saa 2, sentensi moja tu na dunia nzima imeielewa. Yangu iko hivi: "Siku 30. Mashine ikizima yenyewe au kadi ikikwama kwenye gemu tuliyoipimia, natengeneza au nabadilisha, usafiri juu yangu. Tatizo likiwa umeme wa nyumbani, gemu ya kukopiana, au stika imefunguliwa, nakusaidia kwa simu bila malipo lakini usafiri na vifaa ni juu yako." Inatumwa kabla ya malipo, mteja anajibu "nimekubali", naipigia skrinishoti. Wapo walioniambia inafukuza wateja. Inafukuza wachache, na hao wachache nawajua.

Na ikiwa kweli kosa ni lako, usizunguke. Tuma kipande badala ya kuita mashine nzima. RAM inaingia kwenye bahasha. Kadi ya grafiki inaingia kwenye boksi dogo lenye sponji, na mteja anayeweza kufungua skrubu mbili ukiwa naye kwenye video anaweza kuibadilisha. Pawa saplai ina waya nyingi, hiyo mtafutie fundi wa mji wake, mlipe wewe. Mashine nzima inarudi pale tu ambapo umeshindwa kujua, au bodi yenyewe ndiyo imekufa. Ikifika, usiirudishe kwenye rafu kwa sababu imewaka. Ipime kwa saa zile zile, saa ile ile ya jioni, kwa gemu ile ile aliyokuwa anacheza mteja. Ukishindwa kuipata kasoro kwa siku mbili, ivunje uuze vipande, kila kipande kikiwa kimepimwa kwenye mashine nyingine, na pawa saplai ile iweke pembeni isiuzwe.